Kila jani na moto wake: shira ya mchaichai, nanaa na rehani

Ukitia sukari, maji na fungu la nanaa kwenye sufuria moja, ukaviacha vichemke pamoja nusu saa, shira utaipata. Itakuwa tamu, rangi yake kama chai iliyolala, na harufu yake ya nyasi zilizokaushwa juani. Nanaa yenyewe haimo. Ilitoka na mvuke, ikajaa jikoni, ikapitia dirishani. Ile harufu inayomfanya jirani aulize unapika nini ndiyo iliyotakiwa ibaki kwenye chupa.

Wengi hukata tamaa hapo, wakadhani shira ya majani ni kazi ya viwanda na chupa zenye harufu za kuchanganywa maabara. Sivyo. Sukari na jani havitaki moto mmoja, basi. Sukari inataka joto iyeyuke yote isibaki hata chembe. Jani limebeba mafuta mepesi yenye harufu, na mafuta hayo hupaa yakipashwa. Kila jani lina kiwango chake cha kustahimili. Mchaichai huvumilia kuchemshwa. Nanaa inataka kulowekwa tu, tena kwa muda unaohesabiwa. Rehani haitaki hata hivyo. Ukishalishika hilo, yaliyobaki ni vipimo na usafi.

Watu wa pwani wakisikia shira hufikiria kwanza ile nzito ya kaimati, inayovuta uzi baina ya vidole viwili. Hiyo nitaifikia. Ninayoanza nayo ni nyepesi zaidi, ya kukaa kwenye chupa: ya kutengenezea sharbati, ya kutia kwenye chai ya rangi, ya kumwagia matunda yaliyokatwa au keki iliyotoka ovenini ikiwa kavu kidogo.

Sukari kwa mizani, si kwa kikombe

Kikombe cha mililita 250 kikijazwa sukari hubeba takriban gramu 210. Kikijazwa maji hubeba gramu 250. Kwa hiyo anayepima "kikombe kwa kikombe" akidhani amepata nusu kwa nusu, amepata shira yenye sukari asilimia 45 hivi. Kwa kinywaji cha kunywewa leo haina neno. Kwa chupa ya kukaa wiki kadhaa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama itachacha au haitachacha. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu inatosha.

Vipimo vinavyotumika sana ni viwili. Cha kwanza ni nusu kwa nusu: gramu 500 za sukari kwa mililita 500 za maji, utapata kama mililita 800. Ni nyepesi, inachanganyika na maji baridi mara moja, lakini haidumu. Cha pili ni mbili kwa moja: kilo 1 ya sukari kwa nusu lita ya maji, utapata zaidi kidogo ya lita 1 na mililita 100. Hiyo inadumu, ila ina tabia yake. Maji yenye joto la nyuzi 20 hubeba takriban kilo 2 za sukari kwa lita, yaani hapo umeshafika mpakani. Ukiitia kwenye friji, maji yanapopoa hayawezi tena kuibeba sukari yote, na asubuhi utakuta fuwele zimejipanga chini ya chupa kama changarawe.

Mimi nashauri cha katikati, ambacho sielewi kwa nini hakitajwi zaidi: gramu 600 za sukari kwa mililita 400 za maji. Sukari ni asilimia 60 kamili. Hata kwenye ubaridi wa friji maji bado yana uwezo wa kubeba sukari hiyo yote, kwa hiyo haigandi, na ni nzito kiasi cha kukaa wiki tatu hadi nne bila wasiwasi. Utapata chupa moja ya mililita 750 na tone la kuonja. Vipimo vyote vinavyofuata vimejengwa juu ya hicho.

Sukari nyeupe ni bora kwa nanaa na rehani, kwa sababu haina ladha yake ya kushindana na jani. Ile yenye rangi ya kahawia kidogo, iliyo ya kawaida katika maduka mengi ya Tanzania, inafaa kabisa kwa mchaichai, ila itatoa povu la kijivu ikianza kuchemka. Povu hilo ni uchafu mdogomdogo uliobaki kwenye sukari. Liengue kwa upawa usiliache lizame tena. Likiwa jingi, tia kijiko kimoja cha chakula cha maziwa kwenye shira inayochemka. Maziwa hukatika, yakaushika uchafu na kupanda nao juu, nawe unaengua vyote kwa pamoja. Sukari guru iache kwa tangawizi. Nanaa ikikutana na sukari guru husikii nanaa.

Maji yawe ya kunywa. Maji ya kisima yenye chumvichumvi, ambayo sehemu nyingi za Dar es Salaam na visiwani watu wameyazoea kwa kufulia, yataonekana kwenye ladha hata ukizidisha sukari.

Kuhusu sufuria, zile za alumini zinazouzwa kila soko hazina ubaya kwa maji na sukari. Lakini ukitia ndimu, siki au rozela, asidi huila alumini, shira ikapata ladha ya chuma na sufuria ikabaki na doa. Kwa kazi hiyo tafuta ya stenlesi au ya enameli isiyobanduka.

Mchaichai

Nimeuanza huu kwa sababu unasamehe. Harufu yake inatokana na sitrali, kitu kilekile kinacholipa ganda la limau ukali wake, na imefungwa ndani ya nyuzi ngumu za jani na shina. Bila kuponda na bila joto haitoki.

Kwetu watu huvuna majani ya juu kwa ajili ya chai na kuliacha shina liendelee kuchipua. Majani hayo yanafaa, ila hutoa ladha yenye unyasinyasi kuelekea ile ya chai ya kijani. Sehemu nyeupe ya chini, sentimita 10 hadi 12 kutoka kwenye mzizi, ndiyo yenye utamu wa limau uliotulia. Ukiwa na shamba lako au kichaka uani, ng'oa mashina 5 au 6 manene, na uyachanganye na majani machache tu kwa rangi. Ukiwa na majani peke yake, tumia gramu 50 mabichi. Makavu yanatosha gramu 15.

Osha vizuri, kwa sababu mchanga hukaa ndani ya maganda ya shina kama unavyokaa kwenye kitunguu cha majani. Bandua ganda la nje lililokauka. Yagonge mashina kwa mchi mpaka yapasuke kwa urefu, kisha yakate vipande vya sentimita 2. Majani yafunge fundo. Kingo zake hukata vidole na fundo hurahisisha kuyatoa. Usiyasage kwa blenda. Yakisagwa hutoa vumbi la nyuzi ambalo chujio la kawaida halilikamati, na shira itabaki na ukungu mweupe ndani na mchomo kooni.

Tia mililita 600 za maji, si 400. Mchaichai utanywa maji na mvuke utachukua mengine. Chemsha, funika, punguza moto uwe wa kutokota kwa mbali, dakika 10. Epua. Uache ndani dakika 30 mfuniko ukiwa juu. Kwa wanaotumia jiko la mkaa, kupunguza moto ni shida, kwa hiyo ni afadhali kusogeza sufuria pembeni mwa jiko au kuitoa kabisa kuliko kuhangaika na tundu la hewa.

Mfuniko huo si mapambo. Ukiufunua utaona matone chini yake, yanuse. Ni mafuta ya mchaichai yaliyopanda na mvuke, yakagonga bati na kurudi kuwa maji. Yakung'ute yarudi sufuriani.

Chuja, kisha pima tena. Hatua hii ndogo ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo inayofanya shira ya leo isifanane na ya jana. Kama umepata mililita 430, chemsha kidogo wazi hadi zifike 400. Kama zimebaki 370, ongeza maji. Ndipo tia sukari gramu 600, koroga kwenye moto mdogo hadi usisikie tena mkwaruzo chini ya mwiko, acha ichemke dakika 2, epua. Sukari inakuja mwisho kwa sababu maji matupu huingia kwenye nyuzi za jani na kutoka na ladha kwa haraka. Shira ni nzito, inatembea polepole; ukiloweka mchaichai kwenye shira utangoja saa mbili kupata ulichokipata kwa nusu saa.

Tangawizi inapatana na mchaichai kuliko kiungo kingine chochote: gramu 40, iliyokatwa vipande vyembamba, iingie pamoja nao mwanzoni. Iliki isiingie hapo. Chembe 4 zilizopondwa zitie dakika 5 za mwisho za kuloweka, la sivyo itameza kila kitu.

Nanaa

Hapa utaratibu unageuka juu chini: shira kwanza, jani baadaye.

Tengeneza shira tupu ya gramu 600 kwa mililita 400, iache ichemke dakika 2, epua. Ngoja. Kama una kipimajoto, subiri ishuke hadi nyuzi 80. Kama huna, subiri dakika 8 hadi 10, mpaka mvuke upungue na uso wa shira utulie kabisa. Wakati huo chambua nanaa: majani tu, gramu 60, ambayo ni mafungu mawili makubwa ya sokoni baada ya kuondoa vijiti. Vijiti vina uchungu, na uchungu huo huonekana zaidi shira ikishapoa. Majani yaliyooshwa yakaushe kwa kitambaa. Maji yaliyobaki juu yake yanaingia kwenye hesabu ya sukari.

Usiyaponde. Yapige mara moja katikati ya viganja viwili, kama unavyopiga makofi, halafu yatumbukize yote na uyazamishe kwa mwiko. Funika. Dakika 20. Onja ikifika 15. Chuja mara tu ladha inapotosha, na usiyakamue majani: ukikamua unatoa maji ya kijani yenye uchungu na unga unaochafua shira. Yainamishie chujio yajichuje yenyewe kwa uzito wake.

Kuacha usiku kucha ni kosa linalotokana na nia njema. Mtu anadhani muda mrefu ni ladha nyingi. Lakini harufu ya nanaa hutoka mapema, ndani ya robo saa ya kwanza. Kinachofuata baadaye ni tanini, ule ukakasi wa chai iliyokolea mno, na ladha ya mchicha uliochemshwa. Ukitaka ukali zaidi ongeza majani, usiongeze saa.

Angalia pia aina. Nanaa ya kawaida ya chai na saladi ni laini na ina utamutamu. Ile yenye ubaridi mkali unaofanana na dawa ya meno inahitaji nusu ya kipimo, gramu 30, na dakika 10.

Shira hii itakuwa na rangi ya dhahabu hafifu yenye ukijani wa mbali. Wengi huikataa kwa macho kabla ya kuionja, kwa sababu wamezoea chupa za dukani zilizotiwa rangi. Ukijani wa jani ni klorofili, na katikati ya klorofili kuna chembe ya magnesi. Joto na asidi huing'oa magnesi hiyo, na rangi ikageuka kahawia ya zeituni. Ndiyo maana nanaa yoyote iliyopikwa na ndimu hufifia. Ukitaka sharbati yenye ndimu, ndimu iingie kwenye glasi, siyo kwenye chupa.

Ukiutaka ukijani kweli, ipo njia, na ndiyo ninayoitumia kwa rehani.

Rehani

Anayeujua mrehani kwa vikuba na maua ya harusini huenda hajawahi kuufikiria kwenye glasi. Aufikirie. Pamoja na embe bivu, au nanasi, au maji ya ndimu yenye barafu, hakuna jani linalofanya kazi nzuri zaidi. Lakini tofautisha mrehani na kivumbasi kinachoota chenyewe vichakani na kufukuziwa mbu. Ni ndugu, ila harufu ya kivumbasi inaelekea zaidi kwenye dawa kuliko kwenye kinywaji.

Jani la rehani likikatwa huanza kuwa jeusi ndani ya dakika chache. Ndani yake kuna kimeng'enya ambacho kikikutana na hewa hufanya kazi ileile kinayoifanya kwenye tufaha au ndizi mbichi iliyomenywa. Joto la ghafla hukiua. Kwa hiyo chemsha maji mengi kwenye sufuria kubwa, na pembeni weka bakuli la maji ya barafu. Tumbukiza gramu 50 za majani, hesabu hadi 10, opoa kwa chujio, zamisha kwenye barafu papo hapo. Nanaa ihesabie hadi 15. Yakishapoa yaminye maji kwa kiganja, hapa kuminya kunaruhusiwa, kisha yasage kwenye blenda pamoja na shira tupu iliyopoa kabisa, nusu dakika. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba, kile kizito cha kuchujia tui. Itachukua muda. Usikiharakishe kwa kukikamua.

Utapata shira ya kijani kibichi yenye harufu kama umelivunja jani sasa hivi. Uzuri huo una bei: hudumu siku 5 hadi 7 kwenye friji, baada ya hapo rangi inaanza kufifia na ladha kuwa nzito. Haifai kukaa nje ya friji hata siku moja, kwa sababu vipande vidogo vya jani bado vimo ndani. Tengeneza kidogo, robo ya kipimo, au igandishe kwenye vitrei vya barafu. Kwa sukari hii haitakuwa ngumu kama jiwe, itabaki kama ubuyu uliolowana, na kila kipande ni glasi moja.

Kuna mwenye rosemari uani? Kijiti kimoja cha sentimita 10, dakika 10 kwenye shira ya nyuzi 80, basi. Ikizidi inaleta ladha ya sabuni, na haina marekebisho.

Waridi nalo linatajwa sana. Petali za waridi la kupambia, lile la duka la maua, zimepuliziwa dawa shambani na hazikukusudiwa kuliwa. Tumia la bustani yako ambalo unajua halikupuliziwa kitu, au tumia maji ya waridi yanayouzwa kwa ajili ya chakula: vijiko 2 vya chakula kwa chupa, shira ikiwa imepoa. Ukiyatia ikichemka umeyamwaga hewani.

Siki badala ya ndimu

Wairani wana shira ya nanaa ya zamani sana wanayoiita sekanjabin. Jina limeunganisha maneno mawili ya Kiajemi, serke na angabin, yaani siki na asali, kwa sababu mwanzoni ilikuwa ya asali. Siku hizi wengi hutumia sukari. Kwa kipimo chetu: sukari gramu 600 na maji mililita 400 zichemke, tia mililita 120 za siki nyeupe, iache itokote kwa moto mdogo dakika 20, epua, ndipo weka fungu la nanaa ndani na uliache mpaka shira ipoe. Toa majani. Hunywewa kwa kuchanganya sehemu moja ya shira na sehemu nne za maji baridi, na tango lililokunwa ndani yake. Wengine huchovya majani ya saladi kwenye shira yenyewe.

Ona kwamba hata wao nanaa huitia baada ya kuepua. Hapa imeachwa muda mrefu kuliko nilivyosema juu, na inavumilika kwa sababu ukali wa siki hufunika uchungu mdogo unaojitokeza. Ni shira ya msimu wa joto, na kwa jua la Mombasa au Tanga la mwezi wa pili sijui kinywaji kinachoituliza kiu vizuri zaidi. Pia inadumu: siki na sukari kwa pamoja huifanya ikae miezi miwili kwenye friji.

Shira nzito na kuganda

Ukitaka kuigeuza shira ya mchaichai kuwa ya kaimati, ichemshe wazi hadi ivute uzi. Pwani, kipimajoto kitasoma nyuzi 105 hadi 108. Nairobi hakitasoma hivyo, na anayengojea namba hiyo ataishia na peremende. Kila unapopanda mita 300 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwa takriban nyuzi 1 chini. Nairobi huchemka kwenye 94 hivi. Kwa hiyo chemsha maji matupu kwanza, soma namba, kisha ongeza 5 hadi 8. Bila kipimajoto, dondosha tone kwenye kisahani, lipoe, lishike kwa kidole gumba na cha shahada, achanisha polepole. Uzi mmoja usiokatika mara moja, tayari.

Shira nzito hupenda kurudi kuwa sukari. Chembe moja tu iliyonata kwenye ukingo wa sufuria ikidondoka ndani inatosha kuanzisha. Nyingine zinajishikiza kwake na ndani ya saa chache chupa yote ni chenga. Kinga ni tatu. Koroga tu mpaka sukari iyeyuke, ikianza kuchemka weka mwiko chini. Funika dakika 2 za mwanzo ili mvuke uoshe kingo, au zipitie kwa brashi iliyolowa maji. Na tia kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu mwanzoni mwa kuchemka. Asidi ikipata moto na muda huivunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, ambazo hazijipangi vizuri kwenye fuwele na huzizuia nyingine zisijipange. Ndimu iliyotiwa mwisho huleta ladha ya ndimu tu, kazi hiyo haiifanyi.

Kwa visheti ni kinyume: kule kuganda ndiko kunakotafutwa. Unatia visheti kwenye shira nzito isiyo na ndimu na kuvigeuzageuza mpaka sukari iwe nyeupe juu yake. Shira ya chupa iliyoganda kwa bahati mbaya, basi, ina kazi. Au irudishe sufuriani na vijiko 3 vya maji na ndimu kidogo, ichemshe hadi iyeyuke yote.

Chupa

Chupa ya kioo, ichemshwe kwenye maji dakika 10 pamoja na kizibo chake kama ni cha bati, iinamishwe ikauke yenyewe bila kufutwa na kitambaa. Tia shira ya mchaichai ikiwa ya moto na chupa ikiwa ya moto. Chupa baridi itapasuka. Chupa za plastiki za maji ya kunywa hulegea na kujikunja kwa joto hilo, usizitumie. Na vaa kitu mikononi. Shira ya moto haitiririki kama maji, inanata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Watoto wasiwe karibu.

Ukungu mara nyingi huanzia juu, na sababu yake si uchache wa sukari. Ukifunga chupa shira ikiwa vuguvugu, mvuke hupanda, hupoa kwenye shingo, hudondoka. Maji hayo hukaa juu ya shira kama utandu mwembamba, na kwenye utandu huo hakuna sukari ya kutosha kuzuia kitu. Jaza hadi juu, funga ikiwa ya moto sana, pindua chupa dakika 2 kichwa chini, au iache ipoe kabisa ikiwa imefunikwa kitambaa kabla ya kuifunga. Chupa ikishakuwa kwenye friji, itikise mara moja kila siku mbili tatu. Ukiona kuvu, mwaga yote; kuitoa kwa kijiko hakutoshi. Vilevile kizibo kikifunguka kwa mlio, au ukiona viputo vidogo vinapanda, au harufu inakumbusha tembo la mnazi, imechacha.

Majani usiyaache ndani ya chupa kwa ajili ya uzuri. Kijiti cha mchaichai kinachoelea kinapendeza kwenye picha, lakini sehemu inayotokeza juu ya shira ndipo kuvu huota.

Asiye na friji atengeneze ya mchaichai, kwa kipimo cha mbili kwa moja na ndimu, chupa ndogo za mililita 200, na kila inayofunguliwa iishe ndani ya wiki. Nanaa na rehani asubiri siku ya wageni, atengeneze ya siku ileile.

Anayependa asali atumie majani makavu peke yake. Jani bichi hutoa maji ndani ya asali, na asali iliyopata maji huchacha. Asali pia, kwa namna yoyote, asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Kijiko kimoja cha chakula cha shira hii kina sukari kati ya gramu 11 na 12, kwa hiyo mwenye kisukari ahesabu. Kwa glasi ya mililita 250: vijiko 2 vya shira, maji ya ndimu nusu, barafu, maji baridi kujazia. Kwa jagi la lita 2, mililita 220 za shira na ndimu 4, na onja kabla ya kuweka barafu, kwa sababu ulimi uliopoa husikia utamu kidogo. Mchaichai uliochujwa bado una kitu ndani yake. Utie kwenye birika la chai ya jioni. Majani ya nanaa yaliyotoka kwenye shira yatandaze kwenye sinia, yaanike kivulini yakauke na sukari yake, utayavunjavunja juu ya maembe.